Mama Mkwe na Kahawa ya Juani

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Hapa Mabira tu wazima, na babu yako anakusalimu. Unauliza kwa nini ninauamini utafiti wako kuhusu mwanga wa asubuhi na ubongo wa wazee.

Nilipoolewa, miaka mingi iliyopita, mama mkwe wangu alikuwa akilala mchana na kutangatanga usiku, wala hakuwatambua wanawe. Shemeji yangu Rwegasira akasema, "Huyu amekwisha. Tumfungie ndani."

Nilikataa. Kila asubuhi nilimkalisha juani alinde kahawa tuliyoanika. Taratibu usingizi wa usiku ukamrudia. Siku moja akapaza sauti: "Rwegasira! Fukuza kuku wako, wanachakura kahawa yangu! Macho unayo ya nini?"

Nilipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Wasimulie wenzako wa maabara.

Ni mimi bibi yako.