Maziwa ya Kopo na Mama Sofi

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kalemie tuko wazima, babu yako anakusalimu. Unauliza kama maziwa yanaweza kumusumbua mutoto wako. Yanaweza.

Wakati wa Zaire, baba yako akianza kutembea, nilimupa maziwa ya kopo kutoka Kigoma, kwa majivuno. Kila akiyanywa, tumbo linajaa, anaharisha. Jirani yetu Mama Sofi akaniambia: «Acha kwanza hayo maziwa.» Nikaona ni wivu. Nikasema ni yeye njo anamuloga mutoto.

Mashua za Kigoma zikakawia, kopo likaisha. Mutoto akapona kwa uji na samaki. Mama Sofi akarudi kwao Mpala bila mimi kumuomba radhi.

Wewe mupeleke mutoto hospitali, ueleze kila anachokunywa.

Mpaka leo baba yako anamuita yule mama mulozi. Ni mimi njo nilimufundisha.

Bibi yako