Mama Mkwe Nyuma ya Boti

Mjukuu wangu Shija,

Shikamoo yako imefika, nami nasema marahaba. Hapa Ntalikwa tu wazima. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo.

Unauliza kwa nini trela la boti linayumba huko Kigoma wakati pikapu ni mpya. Upya siyo dawa, bwana mdogo.

Ujanani nilivuta boti kwenye trela kwa pikapu yangu kwenda bwawa la Igombe. Mama mkwe wangu, aliyemzaa bibi yako, akaomba lifti. Kwa mila zetu mkwe hakai karibu na mkwewe wala hawasemeshani, basi akapanda ndani ya boti, akakaa nyuma kabisa na gunia lake la karanga. Nilipoongeza mwendo, trela likaanza kutikisa makalio, likanyanyua pikapu kwa nyuma. Nikasimama. Sasa nitamwambiaje? Nikampa mgongo, nikaisemesha boti: "Wewe boti, uzito wako usogee mbele, tutapinduka."

Boti ikajibu kwa sauti ya mama mkwe: "Boti imesikia. Na pikapu nayo ipunguze mwendo."

Akasogea, trela likatulia.

Basi madumu ya mafuta na nyavu uvisogeze mbele ya magurudumu ya trela, ili pale lilipofungwa kwenye pikapu paelemewe kidogo. Minyororo ya usalama, ile ya kushikilia trela likichomoka, uifunge kwa kupishana. Na usipakie mtu kwenye boti, hata awe mkweo.

Jioni ile mama mkwe alimwambia bibi yako kwamba amepata mkwe mwenye adabu, tatizo anaongea na boti.

Babu yako, anayekupenda na ubishi wako wote.