Rajabu, Kipa wa Pili wa Msimu

Rajabu, mdogo wangu,

Wamekufanya bora. Ndiyo, wewe. Wale wale wa saluni ya Papa Trezo, inayopakana ukuta na duka langu la simu hapa Greyville, wamekaa kikao wakakutangaza kipa bora wa msimu, mikono yote juu. Nimeona nikuandikie mimi kabla hujasikia kwao. Huko uliko sijui habari hufikaje, lakini hao wana midomo ya kufika popote.

Unawajua. Tangu Jumapili ya kwanza ya ligi yetu wamekaa kwenye viti vya kunyolea, povu masikioni, wanachambua makipa. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kudaka chungwa akirushiwa. Kwao hesabu ya kipa ni moja tu: kafungwa mangapi. Yule wa mtaa wa Overport kafungwa tisa, basi ni mfalme. Wewe thelathini na moja, basi ni kichekesho. Wakakuita Mlango. Nikifungua duka asubuhi wananipigia kelele: "Maman Rehema, komeo ya duka iko, komeo ya goli haiko!" Wanacheka mpaka mashine inakwaruza kichwa cha mteja. Nami natabasamu. Mfanyabiashara hutabasamu. Moyoni nilikuwa nawatukana mpaka mababu zao.

Mimi nilianza na turubai moja na chaja chache pembeni mwa barabara, hakuna aliyenishika mkono. Biashara ilinifundisha jambo ambalo vichwa vyao, pamoja na kunyolewa kote kule, havijalijua: huwezi kupima duka kwa vilivyoibwa tu. Sharti ujue waliingia wangapi. Duka lisiloingia mtu haliibiwi. Kipa wa Overport ana mabeki kama ukuta wa jela, yeye kazi yake kupunga upepo. Mabeki wako walikuwa walinzi wa usiku, wanafika uwanjani wanapiga miayo. Wewe ulikuwa dukani peke yako na foleni mlangoni.

Ndiyo maana nilikaa nyuma ya goli na vile vihesabio vya kuvaa kidoleni, vya dhikri, ninavyowauzia Waislamu wenzetu. Mungu anisamehe. Mkono wa kulia, kila shuti lililolenga goli. Wa kushoto, lililoingia. Nilianza na wewe, kisha nikawahesabu makipa wote, maana namba moja peke yake ni bubu.

Unakumbuka kwenye teksi tukirudi? Hukuuliza umefungwa mangapi. "Dada, wamepiga ngapi?" Nikikuambia kumi na nne, yameingia matatu, unasema, "Basi nimekula kumi na moja," halafu unalala begani mwangu, unanuka nyasi na dawa ya kuchua. Ile siku ya mvua, mlipofungwa sita, nilikuonea huruma nikakuongezea moja kwenye uliyodaka. Ulifungua jicho moja tu. "Lile la mwisho liligonga mwamba, dada. Mwamba si mimi. Litoe."

Nikalitoa.

Kisha siku moja teksi nyingine ikapita robot nyekundu, zile taa za barabarani, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na wewe ulikuwa unavuka. Hapo siwezi kuendelea. Nimejaribu.

Nikwambie yaliyobadilika. Glavu zako bado ziko kwenye nondo za dirisha. Nazifua, zinakauka, nazifua tena. Ugali wa mtu mmoja umenishinda kipimo, mimi ninayepima kila kitu. Unabaki kila siku.

Ila waliobadilika kuliko wote ni wa saluni. Matangani walikaa mstari wa mbele. "Rajabu alikuwa ukuta." "Chui yule!" Aliyekutungia jina la Mlango alilia mpaka akashikiliwa. Nikajiuliza, mlango umegeuka ukuta kwa siku moja, kwa fundi gani?

Kura, unajua, hupigwa Jumapili ya kufunga msimu, juu ya sinia la pilau, na watu hubishana mpaka mtu anamwagiwa mchuzi. Safari hii hakuna aliyebisha. Papa Trezo alisimama. "Bon. Kipa bora iko Rajabu. Nani anakataa?"

Nani akatae? Marehemu hapingwi. Mikono ikaenda juu, mingine bado ina mafuta ya nyama. Mmoja tu haukuinuka: wa Kasongo, kipa wa timu ya mtaa wa Jacobs, aliyekuwa amesimama mlangoni na ovaroli lake la kiwandani. Wakamzomea. "Yee! Unaonea mufu wivu?" Akaitia mikono mfukoni.

Rajabu, mimi namba zake ninazo. Katika kila mashuti mia Kasongo anazuia themanini. Wewe sabini na nane. Mfalme wao wa Overport, sabini. Nilishajaribu kuzipinda, sikufichi. Nilitoa mechi ya mvua. Lakini ukitoa mvua yako, utoe na ya Kasongo, na bado yuko mbele. Nikazigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuukung'uta.

Wakaniletea kombe, la plastiki, limepakwa dhahabu. Wakasimama wananisubiri nilie, ili nao walie, kisha wale, kisha waende makwao wakiwa watu wema. Lile kombe hawakukupa wewe. Walikuwa wanajipa wenyewe msamaha, na gharama yake ni kunyanyua mkono.

Nikasema, "Rajabu alikuwa wa pili."

Saluni ikalipuka. "Maman! Marehemu hatumusemake vile!" "Eish, huyu mama iko na roho gani?" Mzee Athumani, aliyekuosha, akanisogelea taratibu. "Bi Rehema, marehemu hutajwa kwa mema yake." Nikamjibu, "Ndiyo mema yake hayo, mzee wangu. Ligi ina makipa kumi, mmoja tu ndiye aliyempita. Nani humu aliwahi kumtaja hata wa tisa?" Nikawamwagia namba zote, mashuti na magoli, kipa kwa kipa. Mbuzi kupigiwa gitaa. Wengine walirudi kwenye sinia.

Nikampelekea Kasongo kombe lake. Alilipokea kwa mikono miwili, akaongea chini chini. "Yaya, dada yangu, ningeinua mukono Rajabu angenicheka. Kila Jumatatu alikuwa ananitumia hesabu yako, yangu na yake. Ile Jumatatu ya mwisho aliandika: Kasongo, imebaki mbili, nakuja."

Kumbe! Unampelekea mpinzani namba zangu, na mimi huniambii. Nilitaka kukupiga kofi. Mkono wangu ulinyanyuka kabisa, Rajabu, ukakosa wa kumpiga.

Sasa wananiita moyo wa jiwe. Aliyekutungia jina hanunui tena vocha kwangu, na duka limepata hewa. Lakini jana, kupitia ukuta, niliwasikia wanabishana. "Rajabu angemupita Kasongo musimu unaokuja!" "Wapi! Na mabeki wale?" "We unajua nini? Huyu alipigwa mashuti mia na hamsini!" Mashuti, Rajabu. Wamesema mashuti. Na wajinga wale wamekosea hata hiyo moja. Nikavua kiatu nikagonga ukuta: "Mia na arobaini!" Upande wa pili Papa Trezo akajibu, "Sharp, maman! Sawa, mia na arobaini!" Wakaendelea kugombana.

Nikageuza kibao cha dukani kionyeshe limefungwa, nikakaa chini nyuma ya kaunta, nikalia. Matangani sikulia, uliniona.

Pumzika, mdogo wangu, Mola akupe nafasi pana. Hawa ulioniachia nawajua: mwaka ukigeuka watataka kukupandisha tena, au kukushusha, kutegemea nani analipia pilau. Nakuahidi, nikiwa hai, hawatakusogeza hata nafasi moja.

Dada yako,
Rehema