Kitufe cha Asubuhi

3 Machi

Baba, shikamoo.

Kifua kimetulia? Mimi mzima, ila baridi ya huku ina ubishi. Kwa kuwa kwenye simu husikii na barua zinachelewa, nimekutumia kikasha. Kiweke kwenye rafu juu ya jiko, karibu na soketi, na kila ukiamka bonyeza kitufe. Ndani mna chipu ndogo kuliko ukucha. Kumbukumbu yake haitoshi hata picha yako moja. Basi mimi naipelekea kazi moja tu kutoka huku, kwa mtandao: subiri kitufe, kikibonyezwa niambie baba kaamka, kisha subiri tena. Ikinyamaza hadi mchana, naacha kila kitu naja.

Binti yako

16 Machi

Marahaba, mwanangu.

Nipo, nasukuma siku. Miaka yote ya kutengeneza saa sijaona kibarua mtiifu namna hii: hali, halali, haombi ruhusa ya msiba. Nakibonyeza alfajiri nikishainjika chai. Mikono inatetemeka, lakini kitufe nakipata. Mpangaji wetu mshonaji alikuja kukishangaa, nikamwonyesha kinavyofanya kazi.

Usije. Bado uko kwenye majaribio kazini, ukiondoka sasa watakufukuza. Ukiona kimebonyezwa, ujue nipo.

Baba yako

9 Aprili

Baba, shikamoo. Hali yako?

Barua yangu ya mwisho wa Machi hujaijibu. Kitufe kinabonyezwa kila siku, nashukuru, ila siku hizi unachelewa hadi saa mbili, mshonaji anapofungua kibanda chake. Unaumwa? Usinifiche, baba, nakuomba. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

28 Aprili

Baba,

Leo hata kukuamkia naogopa. Wiki iliyopita nilikipelekea kikasha kazi ya pili bila mtu kukigusa: pima joto, niletee. Nafasi ilikuwa haba, nikaibana ikaingia. Jiko likiwaka, rafu ile lazima ipate moto. Kitufe kimebonyezwa asubuhi zote, na joto halijapanda hata mara moja. Wewe, baba, bila chai huwezi hata kutafuta viatu.

Ni mimi niliyeiandikia chipu iseme baba kaamka. Yenyewe inajua kidole tu, cha yeyote.

Mpangaji wetu mshonaji, kama barua hii umeifungua wewe, najua baba alikuomba umbonyezee na ukaona haya kumkatalia. Sikulaumu. Lakini nimechoka kulia chooni kazini. Nimeaga, sirudi tena hapa. Basi la leo limejaa, kwa hiyo barua nampa dereva, nami naja na la kesho kutwa. Kama yuko hospitali, mwambie niko njiani. Kama si hospitali, nisubiri mlangoni, nisiingie peke yangu.

Asubuhi hii simu imeniambia tena baba kaamka, na kwa dakika nzima niliamini. Kesho usibonyeze.

Binti yake