Konokono wa Kidimbwi cha Ubatizo

Busisi, Sengerema,
Mwanza.
12 Aprili, 1997

Mpendwa mdogo wangu Shimba,

Najua ukifungua tu bahasha utasema shikamoo dada, basi marahaba, nimeitikia. Habari za Morogoro? Afya yako ikoje, na wifi Justa, na watoto? Tulisikia kiwanda chenu kimeuzwa. Huyo mwenye mali mpya amekubakiza kazini? Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Mvua zimenyesha, mihogo imeshika. Baba yupo, magoti tu yanamsumbua, lakini ana jambo moyoni, na ndilo lililonikalisha chini niandike.

Kabla ya Pasaka walikuja wageni kutoka Mwanza, wanaofundisha watu wa mwambao habari za ziwa. Walivuka na kivuko, wakaomba nafasi kanisani baada ya ibada. Aliyeongoza ni binti wa Kihaya anaitwa Annet, mwembamba, ana sauti ya mwimbishaji wa kwaya. Alieleza kwa nini maji yanakuwa ya kijani, na kwa nini mazalia ya samaki yaachwe. Watu walifurahi. Halafu akatoa konokono kwenye kopo, wadogo kama punje za mahindi.

Mama Chenge, unaujua mdomo wake, akasema, "Binti, umevuka maji yote hayo kutuletea chakula cha bata?" Tulicheka hadi mchungaji akainama.

Lakini Annet akasema hao ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo, na amewaokota palepale kwenye kidimbwi chetu cha ubatizo, kando ya ziwa. Konokono hupenda maji yaliyotulia, yenye matete, na jua likiwa kali vijidudu humtoka, vikaingia kwenye ngozi ya mtu. Shimba, ni kana kwamba alikuwa anasimulia jinsi Baba alivyopachagua pale: maji yasiyo na wimbi ili watu wasiogope, na saa ya jua ili wasipate baridi.

Baba akasimama. "Mjukuu wangu, maji hayo yamebatiza watu kabla mama yako hajaolewa. Leo yamekuwa sumu?"

"Shikamoo babu," akajibu. "Ubatizo sina neno nao, hata mimi nimebatizwa. Ila konokono hajui kama leo ni Pasaka."

Alikuwa ameweka wengine kwenye glasi ya maji, juani pale mlangoni. Akampa Baba kioo cha kukuzia. Baba akaangalia sana. Nami niliviona, vinacheza mle kama vumbi lenye uhai. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye anayemvimbisha mtu tumbo hadi akatapika damu?" Annet akasema ndiyo, akikaa miaka mingi bila dawa huharibu ndani. Hakujua anamjibu nani. Kila mtu kanisani alimkumbuka kaka yetu Ndalahwa, maana ndivyo alivyokufa.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwatuma ninyi wawili kila mwaka kabla ya Pasaka kufyeka matete ya kidimbwini, mnasimama majini kutwa, mnajivuna kwamba kazi hiyo hawapewi wengine. Wewe ulipoondoka Ndalahwa aliendelea peke yake. Alipofariki, wengine walisema karogwa, sisi tukasema ni mapenzi ya Mungu. Hakuna aliyempima. Mimi sisemi kidimbwi ndicho kilichomuua. Sote tumeoga na kufua ziwani tangu utotoni, na Annet mwenyewe aliniambia hawezi kujua. Hilo halimfariji Baba.

Nimelisali sana jambo hili. Nimeona kwamba kumcha Mungu hakunizuii kuuliza maji aliyotupa yana nini ndani yake. Labda tulichelewa kuuliza.

Wiki ile ya Pasaka Baba hakugusa panga la kufyekea matete. Alikwenda taratibu na fimbo yake hadi kwenye majabali kunakopiga mawimbi, akamwonyesha mchungaji, na ubatizo ukafanyika huko, asubuhi na mapema. Annet alisema hatari haiishi, ila inapungua. Wimbi lilimzoa mwanafunzi mmoja wa ubatizo likamzamisha kabla mchungaji hajamshika, Mama Chenge akapaza sauti, "Huyo kajibatiza mwenyewe!" Baba akacheka kidogo, nikamshukuru Mungu.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Milembe, mwandikie Shimba."

"Nimwandikie nini, Baba?"

Akatazama pembeni. "Mwandikie tu. Alikuwa anasimama palepale na mwenzake." Hakuweza kuendelea.

Basi naendelea mimi. Nenda hospitali ukapime choo. Usiseme hujisikii kitu. Hata mimi sikujisikia kitu, na zahanati walinikuta na kichocho. Nilimeza vidonge, kichwa kikanizunguka siku ile, kesho yake nikalima. Dawa ipo, mdogo wangu. Baba hatakuuliza, unamjua alivyo. Lakini siku hizi mtu akishuka kivukoni na barua, yeye ndiye wa kwanza kutoka nje.

Msalimie wifi Justa, na Modesta na wadogo zake. Paskazia, mjane wa Ndalahwa, anakusalimu. Naye ameshawapeleka wanawe kupima. Bwana awafunike kwa mkono wake, kutoka kwenu na kuingia kwenu.

Tafadhali nijibu upesi, hata mistari miwili, unieleze wamekukutaje.

Mimi dada yako, nikupendaye na kukuombea,

Milembe