Nyumba ya Mzee Mbwana

Handeni, 4 Machi 1952

Kaka yangu Sadala,

Shikamoo. Sisi tuzima kidogo, hofu ni kwako huko kwenye mkonge. Kifua kimepoa?

Baba mwili anao, ila akili inakwenda na kurudi. Juzi ameniuliza mama amekwenda kisima gani mbona harudi. Nikamwambia mama alifariki. Akalia kama msiba ni wa leo. Kesho yake akauliza tena, nikasema atarudi jioni.

Sasa sikiliza. Mzee Mdoe alikuja na wazee wa ukoo wakasema baba akifa, nyumba hii ya bati ni yako, maana kwa mila ya Kizigua mtu hurithiwa na mtoto wa dada yake, na wewe ndiwe mtoto pekee wa marehemu shangazi. Nikaenda kwa shehe. Shehe akasema sisi ni Waislamu, binti ana nusu, inayobaki ni ya ndugu wa kuumeni walioko Mpale, ambao hata sura zao sizijui. Karani wa baraza naye akasema yote hayo yatategemea baba ataandikisha nini. Nilitoka na swali moja, nimerudi na majibu matatu.

Tumelelewa kwa chungu kimoja, kaka. Niambie wewe unasemaje.

Ni mimi mdogo wako,
Chausiku


Handeni, 11 Mei 1952

Kaka Sadala,

Salamu nyingi. Sijui kama barua yangu ya kwanza ilifika. Dereva wa lori anaapa alikukabidhi mkononi.

Baba alitoka alfajiri tukamkuta mbali, kwenye njia ya Korogwe, hana viatu. Anasema anakwenda kwao. Nikamwambia kwenu ndiko huko unakotoka, akanicheka. Tangu hapo nalala mlangoni.

Mume wangu Mbaruku amechoka. Mwezi uliopita aliezua jiko na kuliezeka upya kwa mikono yake. Mdoe akapita akamwambia, "Unamjengea Sadala." Siku ile Mbaruku hakula. Sasa anataka turudi kwao Makuyuni. Nikimfuata, baba atabaki na nani? Nikibaki, nabaki kwenye nyumba ya nani?

Mdoe anasema kimya chako ni kimya cha mtu anayengoja. Nimembishia. Lakini usiku huwa nafikiri.

Mdogo wako,
Chausiku


Korogwe, 2 Juni 1952

Mdogo wangu Chausiku,

Marahaba. Nimeziona barua zako zote mbili. Mimi mzima, kifua bado. Vumbi la mkonge halimwachi mtu. Mpe mjomba shikamoo yangu, hata kama hatajua imetoka kwa nani.

Sikukaa kimya kwa kuwa nangoja. Nilikuwa nauliza watu. Ernesti, karani wetu hapa, anasema mzee aandike wasia awape anaowataka. Mwalimu wa chuo cha Kurani anasema wasia hauvuki theluthi ya mali, tena mrithi haandikiwi wasia. Mnyapara wetu, Mzigua mwenzetu, akaniambia, "Ya mjomba ni yako, unahangaika nini?" Kila nikitaka kukuandikia, jibu la jana linakuwa limeharibika.

Na kuna jambo jingine. Nyumba ile naitaka. Siwezi kukuandikia uongo. Hapa chumba ni cha kampuni. Mkataba ukiisha, au kifua kikishindwa, natolewa na kitanda changu. Nimekata mkonge tangu ndevu hazijaota na sina mlango ninaoweza kuuita wangu. Lakini kukutoa wewe siwezi pia. Nikilala nataka, nikiamka sitaki.

Naona hivi: mjomba asubuhi huwa na akili. Twende naye baraza aseme mwenyewe. Fanya shauri liwe Jumatatu ya mwisho wa mwezi, nitaomba ruhusa nije.

Kaka yako,
Sadala


Handeni, 30 Juni 1952

Kaka Sadala,

Salamu sana. Tulikungoja mpaka hakimu akasema hangoji tena.

Baba aliamka vizuri. Aliomba kanzu yake, akaniita kwa jina langu. Njiani alisalimia watu. Nikasema leo yamekwisha.

Hakimu akamwuliza kwa upole, "Mzee Mbwana, nyumba yako unampa nani?"

Baba akasema, "Nyumba ipi, bwana? Mimi sina nyumba. Nimepokelewa na huyu mama. Ananipikia, ananiogesha. Nawaombeni wazee mniambie, mtu kama huyu analipwa nini?"

Mdoe akasema mzee hana akili, maneno yake hayahesabiki. Shehe akasema mtu hawezi kutoa zawadi kitu asichojua ni chake. Karani akauliza aandike nini. Hakimu akafikiri sana, akasema, "Usiandike kitu. Mwenye mali yu hai. Akifa, mtarudi."

Mimi sielewi, kaka. Baba amenipa nyumba mbele ya watu, au amenipotezea? Tulipokuwa tunarudi alinishika mkono akaniomba tuharakishe, mwenye nyumba asije akafunga mlango.

Mbaruku amekwenda Makuyuni. Hakugombana nami. Amesema nimfuate nikiweza.

Mdogo wako,
Chausiku


Korogwe, 14 Julai 1952

Mdogo wangu,

Salamu. Meneja alininyima ruhusa, ndiyo sababu hukuniona.

Barua yako nilimsomea Ernesti. Nikamwambia aniandikie kwamba nyumba siitaki, nitie sahihi. Akaniuliza, "Unakataaje kitu ambacho hujapewa?" Basi hata kukataa siwezi.

Mnyapara nilimwuliza tena: huyo mrithi wa Kizigua hurithi nini hasa? Akasema mali na watu. Wagonjwa, wazee, watoto, wote huwa juu yake. Nikaona mali hungoja mtu afe, lakini hao watu hawangoji. Leo nimeomba hesabu yangu, kazi naiacha.

Nitafika na lori la Alhamisi. Mdoe atasema nimekuja kukalia nyumba, mwache aseme. Usiku mjomba atakuwa wangu, nami nitalala hapo mlangoni. Wewe nenda Makuyuni kwa mumeo, ukae hata wiki, kisha urudi ukitaka. Siku mjomba atakapoondoka duniani hakimu atatuita, na mimi sijui atasema nini. Sitaki kujua sasa.

Godoro ninalo. Unionyeshe wewe pa kulitandika.

Kaka yako,
Sadala