Nimfukuze Wifi Kwenye Kikundi cha Kiingereza?

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana yamenifika shingoni na nikinyamaza nitapasuka. Mimi ni mama wa makamo, napiga pasi katika nyumba moja ya wageni, na wifi yangu, mke wa kaka yangu niliyefuatana naye kuzaliwa, anatandika vitanda hapohapo, na sote wawili tulijiandikisha darasa la jioni la Kiingereza kwa sababu meneja alitangaza kwamba dada wa mapokezi anaondoka na nafasi yake atampa mmoja wetu atakayeweza kuongea na wageni, na wewe hujui, mshauri, miguu yangu ilivyovimba kwa kusimama kwenye pasi miaka yote hii, hicho kiti cha mapokezi nakiota.

Sasa mwalimu wetu, ambaye naona kuta za darasa zinamwasha, akasema Kiingereza hakikai ubaoni, kiko nje kwa watu, akatugawa vikundi, sisi tukapewa kazi ya kuweka meza nje ya stesheni kila Jumamosi tuwaelekeze wageni kwa Kiingereza, hoteli iko wapi, benki iko wapi, maji ya kunywa yanauzwa wapi. Nikachaguliwa mwenyekiti, sikuomba, ila niliona hakuna mwingine mwenye uwezo. Kikundi kile nimekihangaikia, mshauri, nimeunda kamati ya meza, kamati ya mwavuli na kamati ya sare, tumeshona fulana zenye jina la kikundi mgongoni, tunafungua kwa kikao na tunafunga kwa kikao, kila mtu anatoa maoni yake, kwa Kiswahili bila shaka ili tuelewane, na fundi cherehani ambaye ni katibu wetu anasema hajawahi kuona utaratibu kama wetu. Lakini wifi hana nidhamu. Kikao kikianza tu, yeye kashaondoka na mgeni mwenye mabegi, anamsindikiza mpaka benki, wanapiga soga njia nzima, anarudi anacheka, kikao kimeisha na hajui hata tumeamua nini kuhusu rangi ya mwavuli. Nilipomuuliza mbele ya wenzetu akanijibu, "Wifi, mtu kaniuliza njia, nimwambie asubiri ajenda?" Watu wakacheka, na mimi ndiye mwenyekiti.

Kilichonimaliza ni kwamba meneja amesema Jumamosi hii atapita stesheni mwenyewe aone nani anaweza, na najua yule atajitia mbele kama kawaida yake, wakati kazi yote ya kuongoza ni yangu. Kwa hiyo nimeitisha kikao cha Ijumaa tumfukuze, ila kaka yangu kasikia na kaniambia nikithubutu nisikanyage kwake tena. Nifanyeje, mshauri, nimtoe au niendelee kumvumilia?

Ni mimi, mwenyekiti nisiyethaminiwa.

*

Mama mwenyekiti,

Pole kwa miguu. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, maana anayeiona kazi ya pasi ni nyepesi ajaribu mashuka ya nyumba nzima ya wageni. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma, nikairudia, natafuta mahali ulipoongea Kiingereza na mtu. Nimekuta meza, nimekuta mwavuli, nimekuta fulana. Kiingereza sijakiona. Hongereni sana. Mwalimu kawatoa darasani mkajifunze kwa watu, nanyi mkaenda kulijenga darasa upya pale nje, tena mkaliongezea kamati. Mgeni anashuka na mabegi yake, hajui benki iko wapi, anawakuta watu wazima wenye sare wamempa mgongo, wanajadili rangi ya mwavuli. Angalau jina la kikundi aliweza kulisoma vizuri.

Halafu unaniuliza habari za nidhamu. Huyo unayemwita mtovu ndiye peke yake aliyefanya kazi mliyopewa. Au unadhani alizaliwa anajua? Nina hakika Jumamosi ya kwanza maneno yalimkimbia, akaonyesha kwa vidole, mgeni akamsaidia, wakaelewana hivyohivyo. Wewe ulikuwa unafungua kikao. Na kuna jambo hukuliandika lakini nimeliona, ukasirike ukitaka: unaogopa. Unaogopa kufungua mdomo uboronge mbele za watu, mtu mzima wewe, na wifi yako akiwa anakutazama. Cheo umekifanya kichaka cha kujifichia. Woga wako siucheki, kila aliyejifunza lugha ukubwani anaujua. Ninachokicheka ni kutaka kumfukuza mwenzio ili meneja akose wa kukulinganisha naye.

Haya, tuseme umemfukuza. Jumamosi meneja anapita, anaiona fulana yako ilivyonyooka, anaridhika, kiti anakupa. Jumatatu asubuhi mgeni anasimama mbele yako na taulo begani, ana sabuni masikioni, amefura, anakueleza kwa Kiingereza kwamba maji yamekatika. Utaitisha kikao?

Sasa nisikilize. Hicho kikao cha Ijumaa kifute leo. Nenda kwa kaka yako, lakini radhi kamwombe wifi mwenyewe, usitume salamu. Uenyekiti mwachie fundi cherehani, naona utaratibu unamnogea. Jumamosi toka nyuma ya meza, mgeni wa kwanza akishuka mfuate wewe, mpeleke benki, na wifi yako awe karibu, ukikwama umuulize. Meneja akikuona unababaika, acha akuone. Yaelekea kiti kitakwenda kwa wifi, na ni haki yake, nawe utampa hongera bila kununa. Itakuuma, najua, na miguu itaendelea kuuma pia. Lakini nafasi za mapokezi hazijaisha duniani, na safari ijayo utaomba ukiwa na kitu mdomoni.

Na usingoje hiyo Jumamosi. Kesho kazini, wifi yako akikuletea mashuka, anza kuongea naye Kiingereza hapohapo kwenye pasi. Utakosea, naye atakucheka, mawifi ndivyo walivyo. Mwache acheke mpaka amalize, kisha muulize inasemwaje.